Irabu Tisa za Engaresero

Kimaasai kina irabu 9. Kiswahili kina 5. Kiingereza, kwa matamshi yanayofundishwa kama kipimo huko Uingereza, kina irabu 12 zinazosimama peke yake, na ukijumlisha zile zinazoanza na sauti moja zikaishia na nyingine, zinafika 20. Lugha zote tatu zimegawiwa herufi zilezile tano: a, e, i, o, u. Mtoto anayezaliwa Engaresero, kijiji kilichoko kusini mwa Ziwa Natron, chini ya mlima Ol Doinyo Lengai, huanza na lugha ya mama yake, akaingia shuleni kwa Kiswahili, na akifika kidato cha kwanza hukuta masomo yamegeuka Kiingereza. Kila anapovuka hukutana na herufi zilezile, na kila mara zinamdai kitu kingine.

Nataka kuzungumzia irabu moja tu, ile i fupi ya Kiingereza. Imo katika ship, yaani meli, na haimo katika sheep, yaani kondoo. Kwa sikio la Mwingereza hizo ni sauti mbili tofauti, kama a na e zilivyo tofauti kwetu. Kwa sikio lililolelewa na Kiswahili ni sauti moja iliyoandikwa kwa namna mbili. Ndiyo maana wanafunzi wetu hutamka live, kuishi, kama leave, kuondoka. Slip, kuteleza, kama sleep, kulala. Na fill, kujaza, kama feel, kuhisi.

Ushahidi wa sikio letu umo katika maneno tuliyoyapokea. Bill imekuwa bili na deal imekuwa dili, na kijana yeyote wa Karatu mjini anayetunga mashairi anaweza kuyaweka mwishoni mwa mishororo miwili, vina vikakubaliana barabara. Kwa Kiingereza maneno hayo hayana kina kimoja. Ticket imekuwa tiketi, week imekuwa wiki. Film imekuwa filimu, team imekuwa timu. Kiswahili kiliyapokea yote kwa i yake moja, i safi, ulimi ukiwa juu na midomo imetanuka.

Sioni aibu yoyote katika hilo. Irabu tano kwa herufi tano ni neema kubwa kwa mtu anayejifunza kusoma. Mtoto akishazijua silabi anaweza kusoma neno ambalo hajawahi kulisikia, akalitamka sawasawa, hata kama maana haijui. Mzazi aliyejifunza kusoma ukubwani, enzi za kampeni za elimu ya watu wazima, aliweza kuisoma barua ya mwanawe. Mtoto wa Kiingereza hana raha hiyo. Huhitaji miaka mingi ya kukariri maneno kwa sura zake. Kwa hiyo ninaposema kwamba kuna kitu kinachopotea njiani kati ya boma la Kimaasai na darasa la Kiingereza, sikilaumu Kiswahili. Nalaumu mazoea yetu ya kudhani kwamba mtoto anapofika shuleni huwa hajaleta kitu.

Maana huyu mtoto wa Engaresero ameileta i fupi. Anayo kinywani tangu alipoanza kusema.

Irabu nane kati ya zile tisa za Kimaasai zimekaa kwa jozi. Kuna i mbili, e mbili, o mbili na u mbili. A peke yake haina mwenzake. Katika kila jozi, irabu moja hutamkwa shina la ulimi likiwa limesukumwa mbele na koo limepanuka, na nyingine hutamkwa shina hilo likiwa limeachwa lirudi nyuma. Nitaziita irabu kaze na irabu legevu. I kaze ya Kimaasai ni ndugu wa karibu wa sauti iliyomo katika sheep. I legevu ni ndugu wa karibu wa ile ya ship. Sisemi ni sauti ileile kwa kila kipimo. Hakuna lugha mbili zinazolingana hivyo. Nasema zimekaribiana kiasi kwamba mwenye moja hana haja ya kuitafuta nyingine mbali.

Tena irabu hizi hufuatana. Chukua kitenzi cha kuosha. Ukimwamuru mtu aoshe, unasema isujisho, na irabu zote nne ni legevu. Ukitaka aoshe kwa kutumia kitu fulani, unaongeza -re mwishoni, inakuwa isujishore, na hiyo e moja iliyo kaze inazivuta zote zilizoitangulia zikaze pamoja nayo, hadi ile ya mwanzo kabisa wa neno. Kwenye karatasi huoni kilichotokea. Herufi i, u, i, o zimebaki palepale. Kinywani neno zima limebadilika. Mtoto mdogo wa kijijini anayefanya hivyo kila siku hajui kwamba anafanya jambo ambalo wanaisimu wameandikia sura nzima za vitabu, na ambalo mwanafunzi wa Kiingereza wa Dar es Salaam angelipa ada kulijua.

Mimi ni mtu wa Karatu, Mwiraqw, au Mmbulu kama wengi wanavyotuita, na kazi yangu imekuwa kufundisha Kiingereza. Kutoka kwetu unateremka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Mto wa Mbu, unashika njia ya kaskazini kupitia Selela na Engaruka, na vumbi linakufuata hadi mlima wa Lengai ujitokeze mbele yako. Safari moja nilikuwa na walimu wenzangu, tukaenda kuona nyayo. Karibu na ziwa kuna uwanda wa majivu ya volkano yaliyogeuka mwamba, na juu yake zimebaki nyayo za binadamu zaidi ya 400, za watu waliopita hapo wakati fulani kati ya miaka 19,100 na miaka 5,760 iliyopita. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020 ulilitenga kundi la watu 17 waliokuwa wakitembea pamoja kuelekea kusini-magharibi, ukakadiria kwamba 14 kati yao walikuwa wanawake wazima. Ukiinama unaona vidole, unaona ukingo wa unyayo, unaona kisigino kilivyozama.

Kulikuwa na wageni wengine pale, Wazungu, na kijana wa kijijini akiwaongoza. Akanyoosha mkono kuelekea kilima kilichokuwa ng'ambo na kuwaambia kwa Kiingereza wakitazame. Alikusudia hill. Ilitoka heel, kisigino. Wageni wote wakainama kutazama ardhini. Wala hawakukosea, walikuwa wamezungukwa na visigino na neno walilolisikia lilikuwa kisigino. Yule kijana akatambua, akatafuta neno jingine, na safari yao ikaendelea vizuri. Muda huohuo akageuka kumwita mwenzake aliyekuwa kwenye gari, kwa Kimaasai, kwa haraka, na katika maneno machache yale nikasikia ile i legevu zaidi ya mara moja, safi, kama ambavyo angeitamka mtangazaji wa London.

Wageni walipopumzika tukasalimiana. “Shikamoo, mwalimu.” Nikaitikia, nikamuuliza wao wanasemaje kumwambia mtu aoshe, na wanasemaje kumwambia aoshe kwa sabuni au kwa kitambaa. Akayasema yote mawili, huku akinitazama kama mtu anayesubiri kujua swali linaelekea wapi. Nikamwomba aweke kidole gumba chini ya kidevu, pale penye nyama laini kati ya mifupa ya taya, aseme tena polepole. Akasema isujisho. Akasema isujishore. Akanyamaza, akarudia ya pili.

“Mwalimu, hapa panakaza.”

“Panakaza kwenye lipi?”

“Hili la pili. La kwanza pamelegea.”

“Sasa mdogo wangu, chukua ule mwanzo wa neno la kwanza, uuweke kwenye hill.”

Akautamka, ukatoka vilevile kama unavyotakiwa. Akaitamka na heel kwa mwanzo wa neno la pili, akazitazama nyayo zilizokuwa kwenye mwamba, akacheka. Hakuna nilichomfundisha. Nilimwonyesha tu pa kutafuta kitu chake mwenyewe.

Kidole chini ya kidevu ni njia ambayo msomaji anaweza kuijaribu hapohapo alipo. Ulimi unaposukumwa mbele na juu, msuli ulio chini yake hukaza, na kidole hupata habari kabla ya sikio. Kwa mwanafunzi ambaye sikio lake limezoea kuzichanganya sauti mbili, kidole ni shahidi mzuri, kwa kuwa hakina mazoea ya lugha yoyote.

Nikirudi kwetu Karatu, habari ni nyingine. Kiiraqw kina irabu tano tu kwa aina, lakini kila moja ina fupi na ndefu, na urefu huo hubeba maana. Ng'ombe tunamwita slee, na ile e huvutwa. Ndiyo maana tunaiandika mara mbili. Mtoto wa Kiiraqw akiambiwa kwamba Kiingereza kina i fupi na i ndefu, anafurahi, anasema basi hii naijua. Anatamka ship kwa i ya kukata na sheep kwa i ya kuvuta, na mara nyingi anaeleweka, kwa sababu kweli sheep huwa ndefu kidogo. Kisha anakutana na maandishi. Herufi mbili za ee, ambazo kwake ni e ndefu, kwa Kiingereza ni i. Anasoma sheep kama anavyosoma slee, na hapo mwalimu anamkatiza.

Kuna mtego mkubwa zaidi. Katika Kiingereza irabu hurefuka au kufupika kulingana na konsonanti inayoifuata. Ikifuatwa na konsonanti ghuna kama d au g, irabu hujinyoosha. Ikifuatwa na t au k, hujikunja. Kwa hiyo ile i inayoitwa fupi, ikikaa katika bid, inaweza kudumu muda uleule au hata kuizidi ile inayoitwa ndefu ikikaa katika beat. Anayepima kwa urefu peke yake atapotea. Kinachozitenganisha sauti hizo mbili kwa uhakika ni mkao wa ulimi, ukaze na ulegevu, yaani kilekile anachokijua mtoto wa Engaresero. Sisi wa Karatu tuna nusu ya ufunguo. Wao, kwa irabu hii, wana ile nusu inayofungua.

Jina lenyewe la i fupi ni urithi wa Kiingereza cha zamani. Vitabu vya kufundishia watoto wa Uingereza na Marekani husema i fupi ni ile ya bit na i ndefu ni ile ya bite. Mwanafunzi wetu akisikia hivyo hushangaa, na ana haki: katika bite hakuna i yoyote iliyorefushwa, kuna a inayoteleza kwenda i, karibu na ai yetu. Lakini kulikuwa na wakati ambapo maelezo hayo yalikuwa kweli tupu. Mshairi Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, aliishi katika Kiingereza ambacho bite ilitamkwa kwa i ndefu hasa, i ileile ya kuvuta ambayo Mwiraqw anaijua. Baadaye irabu ndefu zote za Kiingereza zilihama, moja ikisukuma nyingine, kwa muda wa karibu karne tatu. William Caxton aliweka mtambo wake wa kuchapa vitabu Westminster mwaka 1476, uhamaji ukiwa umeanza, na wachapaji wakaendelea kuandika maneno kama walivyoyazoea. Sauti ikaenda zake, herufi ikabaki nyumbani.

I fupi haikuhama. Hilo ndilo linaloifanya niipende. Waingereza wa zaidi ya miaka elfu iliyopita waliandika scip kwa meli na fisc kwa samaki, na irabu ile waliyoitamka ni karibu sana na ile inayotamkwa leo katika ship na fish. Falme zimeinuka na kuanguka, lugha imepokea maelfu ya maneno ya Kifaransa na Kilatini, irabu ndefu zimezunguka mdomo mzima, na hii moja imekaa pale ilipokaa.

Ila maandishi yake hayakutulia hata kidogo, na hapa ndipo mwanafunzi anapoteseka bure asipoelezwa. I fupi huandikwa kwa y katika gym. Huandikwa kwa a katika village, neno ambalo mtoto wa kijijini hulihitaji mapema anapojitambulisha. Huandikwa kwa u katika busy, na kwa ui katika build. Haya mawili ya mwisho yaliandikwa kwa mazoea ya waandishi wa magharibi mwa Uingereza, ambako u ilisimamia sauti ya midomo iliyoviringwa, ilhali watu wa London wakayatamka kwa i. Mkono wa mji mmoja, kinywa cha mji mwingine. Katika women huandikwa kwa o, kwa sababu umoja wake, woman, ulibadilika sauti na maandishi, na wingi ukafuata maandishi bila kufuata sauti. Na katika England na English huandikwa kwa e. Zamani e iliyotangulia ng iligeuka i katika maneno kadhaa; wing, ubawa, ilikuwa na e na ikabadilishiwa herufi, lakini jina la nchi halikubadilishiwa. Kwa hiyo somo lenyewe, kabla mwanafunzi hajafungua ukurasa wa kwanza wa kitabu, limeshaiandika i fupi kwa herufi isiyo yake.

Ninapowaeleza wanafunzi habari hizi huwaona wakitulia. Walidhani kuna kanuni wote wanaijua isipokuwa wao. Wakiambiwa kwamba hakuna kanuni pale, kuna historia tu, wanaacha kujilaumu na wanaanza kukumbuka.

Kimaasai nacho kina maandishi yanayoficha. Wamisionari na maofisa walipoanza kukiandika walitumia herufi walizokuja nazo. Jakob Erhardt, mmisionari aliyekuwa na wenzake Krapf na Rebmann pwani, alichapisha orodha yake ya maneno ya Kimaasai mwaka 1857. Hollis, ofisa wa serikali ya kikoloni, alichapisha kitabu chake kikubwa mwaka 1905. Ilipofika mwaka 1955, A. N. Tucker wa London na John Tompo ole Mpaayei, Mmaasai mwenyewe, walitoa sarufi iliyoziandika irabu zote tisa kwa alama zake, na tangu hapo hakuna mwanaisimu aliye na kisingizio. Lakini sarufi ile ilibaki maktabani. Biblia Sinyati inayosomwa makanisani imeandikwa kwa herufi tano, na ujumbe wa simu kati ya vijana wa Engaresero na ndugu zao wa Loliondo huandikwa kwa herufi tano. Hata jina la kijiji linaandikwa Engaresero, Engare Sero, Ngare Sero, kila mmoja na lake.

Msomaji aliyezaliwa ndani ya lugha haathiriki sana. Anajua neno linalokusudiwa, kama wasomaji wa pwani walivyojua enzi za kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Kiarabu kina alama tatu tu za irabu fupi, fataha, kasra na dhuma, na kasra ilibidi ibebe i na e pamoja, dhuma ibebe u na o. Nakala ya Utendi wa Tambuka ya mwaka 1728 iliandikwa hivyo, na ikasomwa, ikaimbwa. Msomaji aliongeza kwa kinywa kile ambacho kalamu haikukiweka. Wakikuyu walichagua njia nyingine. Lugha yao ina irabu saba, wakaziwekea zile mbili za ziada alama juu yake, na jina la mwandishi Ngũgĩ limeibeba alama hiyo duniani kote. Kila anayelinakili jina hilo bila alama anakumbushwa kwamba kuna kitu amekiacha. Wamaasai hawana wa kuwakumbusha wengine hivyo.

Hasara inaingia shuleni. Mtoto aliyefundishwa kuandika kwa herufi tano, katika Kiswahili chenye irabu tano, huanza kuamini kwamba irabu ziko tano. Nimewauliza Wamaasai waliosoma lugha yao ina irabu ngapi, wakajibu tano bila kusita, huku wakizitamka tisa katika sentensi inayofuata. Akija mwalimu wa Kiingereza na kusema leo tutajifunza sauti ngumu, sauti ambayo kwetu haipo, mtoto anaamini tena. “Kwetu” ile ilikuwa na maana ya Kiswahili, lakini yeye anaichukulia yote, boma na yote. Anaweka kando kinywa chake na kuanza kuigiza.

Shule zetu hazifundishi kwa lugha za makabila, na sababu zake za umoja wa taifa nazijua na naziheshimu. Nimesoma na Wamaasai, Wadatoga na Wachaga katika darasa moja na hatukuwa na lugha nyingine ya kugombana na kupatana isipokuwa Kiswahili. Ninachokiomba ni kidogo kuliko kubadilisha lugha ya kufundishia. Mwalimu anayepangiwa kazi Engaresero huenda ametoka Kagera au Mbeya na hajui neno la Kimaasai. Si lazima alijue. Inatosha aulize. Watoto watamletea maneno ya kutosha ubao mzima, na watakuwa wao ndio wanaomfundisha kwa dakika kumi, jambo ambalo halijawahi kumdhuru mwalimu yeyote. Vilevile mwalimu Msukuma anayefundisha Kiingereza, ambaye lugha yake ina irabu saba, anayo mali kinywani ambayo chuo hakikumwambia aitumie.

Wengine watauliza kwa nini tujisumbue. Mitihani ya taifa hupima Kiingereza kwa kalamu, na Kiingereza cha Afrika Mashariki kinaeleweka kwa wenyewe. Nakubali nusu. Sitaki mtoto yeyote awacheke wenzake kwa sababu ya lafudhi, na sitaki mwanafunzi wa Karatu aongee kama mtu aliyezaliwa Oxford. Lafudhi ni anwani ya mtu. Lakini Engaresero ni mahali ambapo vijana hupata riziki kwa kuongoza wageni, na wanaopanda Lengai huanza usiku wa manane ili wafike kileleni kunapambazuka, kwenye mteremko wa majivu unaozidi kuwa mkali kadiri unavyokwenda. Kijana anapomwonya mgeni gizani asiteleze, neno linapaswa kufika kama alivyolikusudia, si kama onyo la kutolala. Na muuguzi wa zahanati akimweleza mtalii anayeumwa habari za pill, kidonge, ni bora isisikike peel, ganda. Kwenye mambo kama hayo i fupi ni sehemu ya kazi, kama kamba na tochi.

Na mlango ukifunguka kwa i, unafunguka kwa u pia. Kimaasai kina u kaze na u legevu, na Kiingereza kina fool, mpumbavu, na full, iliyojaa. Kina pool, bwawa, na pull, vuta. Kidole kilekile, chini ya kidevu kilekile.

Kwa a hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa a ya Kimaasai haina mwenzake, wala Kiiraqw hakina msaada hapo. Irabu ya cat, paka, na ile ya cut, kata, wanafunzi wetu wa sehemu zote mbili huzitamka kwa a moja. Lakini Kiswahili chenyewe kiliwahi kuzisikia tofauti. Waliotuletea maneno walichukua bank wakasema benki, band wakasema bendi, taxi wakasema teksi, tractor wakasema trekta. Walichukua bus wakasema basi, club wakasema klabu. Sikio la mtu wa pwani au wa relini, ambaye huenda hakukaa darasani hata siku moja, liliisikia ile a ya bank ikielekea e, na ile ya bus ikibaki a, likazigawa bila kuambiwa na mtu. Sisi tuliosoma kitabu ndio tuliozichanganya, kwa kuiamini herufi. Kwa hiyo kipindi kinachofuata, Karatu na Engaresero wakiwa sawa, ningeandika ubaoni maneno mawili tu, benki na basi, niwaulize wanafunzi ni kwa nini la kwanza lina e.